Mlipuko na Mrindimo

Machi na Aprili 2015, chombo cha utafiti kilishuka pwani yote ya Tanzania, toka mpaka wa Kenya hadi upande wa Mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, kikiburuta maikrofoni ndani ya maji. Watafiti walitaka kuwasikia nyangumi na pomboo. Wakasikia baruti. Katika saa 231 za kusikiliza, na mwendo wa karibu kilomita 2,700, walithibitisha milipuko 318. Asilimia 62 ya milipuko hiyo ililia ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, lakini iliyobaki ilitapakaa pwani nzima, kaskazini na kusini.

Mvuvi wa Mikindani au Msimbati, huko Mtwara, hakuhitaji maikrofoni. Kwa miaka mingi alikuwa akikijua kishindo hicho: kizito, kifupi, kisha kimya, halafu mtumbwi mmoja unakimbilia mahali pale kuokota. Na pwani hiyohiyo ina sauti nyingine ya kupigwa, ya ngoma, kongwe kuliko baruti, ambayo kila kijiji kinaijua kwa jina, kwa mdundo na kwa majira yake. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya jinsi sauti hii ya pili ilivyoitwa kuja kuisema ile ya kwanza, na kwa nini mara nyingine ilifaulu na mara nyingine ikawa kelele tu za kumpokea mgeni.

Turudi nyuma zaidi ya karne moja. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Lindi. Hakuwa amekusudia kuja kusini. Safari yake ilikuwa ya Kondoa-Irangi, lakini maasi yakamfungia njia. Akapanda Masasi, akaenda Newala na Mahuta kwenye Uwanda wa Makonde, akiwa na fonografu ya mitungi ya nta na kamera ya sinema. Alinasa sauti za Wayao, Wamakua na Wamakonde katika nchi iliyokuwa imetoka katika Vita vya Maji Maji juzi tu, maghala matupu, makaburi mabichi. Kitabu alichokichapisha 1908 kina kasoro zote za Mzungu wa zama zile, na kukisoma leo kunauma. Hata hivyo kinatuachia jambo moja la thamani: watu aliowakuta waliimba mambo yaliyokuwa yakiwapata. Vita, safari, mzigo, bwana mwenye mzigo, yote yaliingia wimboni papo hapo. Mtu mmoja alianzisha, wengine wakaitikia, na kilichoitikiwa na wengi kikawa kimekubaliwa.

Hapo ndipo ilipo siri ya ngoma ya kusini. Katika ngoma ya kijijini hakuna viti. Vinganga, zile ngoma ndogo za Kimakonde zenye mguu uliochongoka, huchomekwa mchangani. Ngozi hupashwa moto wa nyasi mpaka ikaze. Kubwa hujibu kwa sauti nzito. Na duara hufungwa na watu wenyewe. Mwanzishi akitoa neno ambalo halina ukweli, kiitikio hulegea. Hahitaji kuambiwa. Anasikia kwamba neno lake limeanguka, anatafuta jingine. Sijui baraza gani jingine lenye kura ya haraka namna hiyo.

Kisha kuna lipiko, kinyago kinachovaliwa na mchezaji wa mapiko. Anayekivaa hana jina. Kwa Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma, kinyago kiliweza kuwa mzimu, na kiliweza pia kuwa askari, Mwarabu, Mzungu, mtu yeyote ambaye mchana hakuna awezaye kumcheka. Uso wa mti ulitenda na kusema ambayo uso wa nyama usingethubutu. Tulitunze hilo moyoni, kwa maana litahitajika tutakapofika kwenye baruti.

Na mti wenyewe unatoka wapi? Kinyago huchongwa kwa mti mwepesi kama mfune, ili mchezaji aweze kukibeba kichwani huku akirukaruka. Ngoma hutaka gogo nene lisilopasuka. Sanamu zilizowapa Wamakonde sifa duniani ni za mpingo, na mpingo huohuo ndio unaotengenezewa klarineti na obua za okestra za Ulaya. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha kuvuna misitu yao kwa utunzaji, na mpingo ulikuwa ndiyo mti mkuu wa hesabu hiyo. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kusema kwamba ngoma inatumika kufundisha mazingira, kana kwamba ngoma imeshuka toka mbinguni. Ngoma ni gogo na ngozi. Msitu ukiisha, nayo imekwisha.

Baada ya uhuru, serikali iliitazama ngoma kwa macho mawili. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akaeleza uchungu wake kwamba tulifundishwa kuona haya kwa ngoma zetu tukajua zaidi dansi za Wazungu. Alizitaja ngoma kadhaa kwa majina, gombe sugu na lelemama zikiwamo. Sindimba haikuwa kwenye orodha. Lakini miaka michache baadaye sindimba, iliyotoka katika shughuli za jando na unyago huku kusini, ilikuwa imefundishwa kwa kikundi cha ngoma cha taifa, ikachezwa majukwaani na shuleni mpaka mtoto wa Bukoba akaijua.

Faida ilikuwa kubwa, heshima ilirudi. Hasara ilikuja kimyakimya. Duara likafunguliwa likawa mstari, ili mgeni rasmi aone. Dakika zikahesabiwa. Maneno yakaandikwa na afisa, yakiisifu sera ya mwaka huo: leo kilimo, kesho usafi, kesho kutwa kupanda miti. Watu wakacheza vizuri sana, na jioni wakarudi nyumbani bila kuulizwa lolote.

Walioliona hilo mapema ni wanatamthilia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kati ya 1982 na 1983 Penina Muhando Mlama na wenzake, akiwamo Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakajaribu njia nyingine. Hawakubeba ujumbe. Walikaa na wanakijiji, wakauliza nini kinawasumbua, wakayachambua matatizo pamoja nao, na vijana wa hapohapo wakayageuza kuwa ngoma, ngonjera na igizo. Onyesho lilipoisha, mazungumzo yalianza, na mazungumzo ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe. Mlama aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo. Ninavyoona mimi, alikuwa akiirudishia ngoma kile ambacho jukwaa lilikuwa limeinyang'anya: haki ya waitikiaji kutoitikia.

Njia hiyo ilifika Mtwara kwa mlango wa Finland. Wafini walikuwa Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970 kwa miradi ya maji, na mwaka 1988 wakaanzisha mradi mkubwa wa vijijini uliojulikana kwa kifupi kama RIPS, ambao ulidumu mpaka 2005. Miaka ya mwanzo ulikwenda kama miradi mingine: wataalamu wanapanga, wanakijiji wanapangiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukageuza mwendo. Neno likawa ushirikishwaji, na kwa mara hii neno lilikuwa na miguu. Watu walichora ramani za vijiji vyao mchangani, wakahesabu visima, mikorosho na migogoro yao kwa mbegu na vijiti. Na walipoulizwa pwani tatizo kubwa ni lipi, jibu lililipuka.

Uvuvi wa baruti ulikuwa umeingia Tanzania tangu miaka ya 1960, na Sheria ya Uvuvi ya 1970 iliuharamisha, lakini sheria ilikaa kwenye makaratasi. Chupa, mbolea iliyochanganywa na mafuta, utambi na fataki iliyochepushwa kutoka machimboni au kwenye ujenzi wa barabara vilitosha. Mvuvi hungoja kundi la samaki likusanyike juu ya mwamba, akarusha. Mshindo huvunja mifupa ya samaki na kupasua vibofu vyao vya hewa. Wachache huelea, wengi huzama wakaoza huko chini. Wanawake wanaokaanga samaki sokoni wanaijua baruti bila kuambiwa: nyama imelegea, mwiba umevunjika ndani, samaki hakai hadi jioni. Mwamba nao hugeuka kifusi. Matumbawe machanga hayawezi kushika juu ya vipande vinavyobiringishwa na mawimbi kila bamvua, kwa hiyo jeraha la sekunde moja hukaa miaka mingi bila kupona. Huko Mikindani kulikuwa na janga jingine juu ya hilo: matumbawe yalikuwa yakichimbuliwa na kuchomwa matanurini yawe chokaa ya kujengea.

Kwa nini kijiji kisiseme? Kwa sababu mpiga baruti ni mtoto wa shangazi. Ana mashine ya boti, anagawa kitoweo kwa majirani, anachangia msiba. Mara nyingi ana marafiki ofisini. Anayesimama mkutanoni kumtaja atarudi kulala katika nyumba ya makuti, na makuti yanashika moto upesi. Ofisa akisimama mbele ya watu akauliza nani anapiga baruti, atajibiwa kwamba hao wanatoka kijiji cha pili. Akifika kijiji cha pili atajibiwa vivyo hivyo.

Ngoma na igizo vilipita katikati ya ukuta huo. Hakuna aliyelazimika kumtaja mtu. Mchezaji akiingia duarani na chupa mkononi, akitembea kwa maringo ambayo kila mtu anayafahamu ni ya nani, kicheko chenyewe kinakuwa ushahidi. Wimbo ukimwuliza mvuvi mwamba aliorithi kwa babu yake umekwenda wapi, watakaoitikia ni pamoja na mama yake. Kile kinyago kisicho na jina kilikuwa kimeifanya kazi hii tangu zama za wakoloni. Sasa kilipewa mkosaji mpya.

Palikuwa na chombo kigeni pia. Kundi la Maneno Mengi, akiwamo Lars Johansson, lilifanya na watu wa Mtwara video shirikishi: wavuvi na wachuuzi walisema mbele ya kamera, wakajitazama, wakabishana, wakarekebisha, kisha kanda ikapelekwa kwa viongozi ambao wasingekuja kijijini. Ukiitazama kwa makini, ni desturi ileile ya mwanzishi na waitikiaji, ila kiitikio kiliweza sasa kusafiri kwa gari mpaka Dar es Salaam. Vijiji vya pwani ya Mtwara, Lindi na Kilwa vikaunda umoja wao dhidi ya baruti, vikauita Shirikisho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ikapeleka jeshi la majini baharini, na milipuko ikapungua mno. Nguvu ya dola ilihitajika, hilo halina ubishi. Bomu halizimwi kwa vigelegele. Lakini dola ilikuwa na Sheria ya Uvuvi mkononi tangu 1970 na haikuitumia ipasavyo mpaka watu wa pwani walipoanza kusema kwa sauti moja.

Ule utulivu haukudumu. Miaka ya 2000 baruti ilirudi, na ndiyo maana maikrofoni ya 2015 ilisikia iliyoyasikia. Ni baada tu ya kikosi cha pamoja cha vyombo vya dola kuundwa, na misako ya miaka iliyofuata, ndipo vishindo vilipopungua tena kwa kiasi kikubwa.

Katikati ya vipindi hivyo viwili vya utulivu ndipo lilipo jambo linaloniuma. Mwaka 2000 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji. Sababu zilikuwa nzito. Miamba ya huko ina zaidi ya spishi 250 za matumbawe, na joto la bahari la 1998 lilikwisha kuyachoma na kuyageuza meupe. Baruti ilikuja kumaliza yaliyosalia. Mikoko ya mdomo wa Ruvuma ni kitalu cha kamba na samaki wa pande zote mbili za mpaka. Aliyeiona mikandaa na michu ikisimama majini wakati wa kusi, mizizi nje kama vidole, hahitaji kushawishiwa.

Lakini watu wa Msimbati, Nalingu, Mkubiru na vijiji vingine walijikuta wavu wao umekuwa kosa. Nyavu za macho madogo, makokoro, kukata boriti za mikoko: mambo ambayo maskini aliishi kwayo yaliwekwa katika daftari moja na baruti ya tajiri. Bahari ndilo shamba letu, wakasema, nani analima kwa kuomba ruhusa? Palikuwa na ahadi za nyavu mbadala na miradi ya kujipatia kipato, lakini malalamiko yakawa mengi kuliko ahadi, na Nalingu ikafika mahali pa kuwakataa maofisa wa hifadhi waziwazi. Kisha ikaja gesi. Ilikuwa imegunduliwa Ghuba ya Mnazi tangu 1982. Umeme wake ulianza kuwaka Mtwara katika miaka ya 2000. Na uamuzi wa kuisafirisha kwa bomba mpaka Dar es Salaam ukaleta maandamano Desemba 2012 na ghasia za Mei 2013, ambazo mkoa haujazisahau. Mwanakijiji aliyeambiwa asitie jembe baharini aliona mitambo ya gesi ikijengwa ndani ya eneo la hifadhi ileile.

Wimbo wa mazingira ulioimbwa mbele ya watu wa namna hiyo, ukiwa umetungwa ofisini, uliimbwa kwenye masikio yaliyokwisha kuziba. Nasema hivi bila kuwadharau walioimba. Tatizo lilikuwa mwanzishi. Waitikiaji wa kusini hawadanganyiki. Wataitikia kwa mdomo kwa sababu ya adabu na posho, na ukisikiliza vizuri utasikia kiitikio kimelegea.

Mwaka 2008 kilianza kitu kingine mjini Mtwara. Taasisi ya ADEA, kwa msaada wa ubalozi wa Finland, iliandaa tamasha lililopewa jina la MaKuYa: Ma ya Makonde, Ku ya Makua, Ya ya Yao. Vikundi vilishuka toka wilayani, vingine kutoka mbali kabisa uwandani, na kwa siku kadhaa mji ukawa na vumbi la sindimba, vinyago na wachezaji wa juu ya mirongoti. Halikuwa tamasha la mazingira, na hilo nadhani ndilo lililolipa nguvu. Makabila haya matatu yamepakana, yameoana, yametaniana, na pia yamegombea ardhi na watumwa na imani kwa karne nyingi. Wayao walibeba biashara mpaka pwani. Wamakonde walijificha uwandani kuikwepa. Wamakua walivuka Ruvuma na kujenga upya. Kuwaona vijana wao wakiazimana midundo uwanjani ni jambo la kuangaliwa mara mbili. Na mpiga ngoma wa Masasi anapokutana na yule wa Msimbati, wanazungumza kuhusu ngozi, kuhusu miti, kuhusu gogo gani bado linapatikana wapi. Hayo hayamo kwenye ratiba.

Mto Ruvuma wenyewe hautambui kabila wala taifa. Kinachotiwa ndani yake Songea au Niassa hushuka mpaka kwenye mikoko ya mdomoni. Watu wa mito mingine wameliona hilo wakalifanyia kazi: mwaka 2011 kulianzishwa Mradi wa Nile, uliowakusanya wanamuziki wa nchi za bonde la mto huo, na mapema 2013 walikutana Aswan, Misri, wakatunga pamoja na kutumbuiza kwa ajili ya maji wanayogombea serikali zao. Ruvuma ulistahili mkusanyiko kama huo kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mapiko yanachezwa kingo zote mbili kwa lugha moja, na wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji ngoma hizo zilivuka mto pamoja na wakimbizi na wapiganaji. Daraja la Umoja lilifunguliwa Mei 2010 kule Mtambaswala, likapunguza umbali.

Kisha vita vikarudi ng'ambo. Tangu 2017 jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, linawaka. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto wakakishambulia Kitaya, kijiji cha Mtwara kilicho kando ya Ruvuma, wakaua na kuchoma nyumba. Machi 2021 mji wa Palma, kusini mwa mdomo wa mto, ukashambuliwa. Usiku wa ngoma kando ya mto ukawa jambo la kufikiriwa mara mbili. Mtumbwi unaovuka ulitazamwa kwa shaka hata ukiwa umebeba bibi harusi.

Sauti alizozinasa Weule zingalipo, zimehifadhiwa Ujerumani kwenye nta. Zinakwaruza, lakini anayezisikiliza anaweza kumtambua mwanzishi. Huku nyumbani, mvua za masika zikishapita na mavuno yakiwa ghalani, msimu wa jando unafika. Kijana anatumwa kuleta nyasi kavu. Moto unawashwa, vinganga vinaelekezwa kwenye joto, mzee anagonga ngozi kwa kidole na kutega sikio, anasema bado, anagonga tena.